Sahani Saba za Bi Mwanakheri

Neema wangu,

Kalamu hii ni yako. Nimeitoa kwenye mfuko wa nje wa begi lako, na hapo ndipo nilipoona kwamba begi lenyewe hujalifunga. Nguo zimekunjwa, viatu vimeviringishwa gazeti, sare zako mbili nyeupe za unesi ziko juu kabisa, na zipu iko wazi vilevile tangu juzi. Mama yako si mjinga. Mtu anayepanda boti ya kwanza kesho asubuhi na begi lake bado limeachama, huyo ana neno moyoni.

Wewe umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, na mimi nimebaki nyumbani na bakuli la mkate wa kumimina. Mchele niliuloweka tangu jana, nimeusaga na tui zito, sukari nimetia, hamira nimetia, iliki nimetia mpaka mikono yote miwili inanukia. Sasa nangoja uumuke. Siku nyingine muda huu ningefua. Leo nakuandikia, na rojo likifika ukingoni mwa bakuli nitaacha hapohapo nilipofika, maana mkate wa kumimina haumsubiri mtu amalize barua.

Nina furaha, Neema! Nalisema mapema usije ukalitafuta katikati ya maneno mengi. Nina furaha mpaka asubuhi nimetia chumvi kwenye chai, nikainywa, nikaona tamu. Mwanangu anakwenda kuwa nesi Tabora! Babu mzaa babu yako alitoka hukohuko Unyamwezi kuja Unguja kuchuma karafuu, akawaambia watu wake anakaa msimu mmoja. Msimu huo haujaisha mpaka leo. Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wa baba yako kurudi, na unarudi na kipimo cha moyo shingoni. Nikiwaza hivyo nashindwa kukaa kitini.

Sitakuambia uvae sweta. Baridi ya Tabora umeshaelezwa na Kikwajuni nzima, na hakuna hata mmoja wao aliyefika. Sitakuambia ule vizuri wala ulale mapema. Mambo ya wanaume Bi Mwanakheri amekueleza jana pale barazani, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikisikiliza, na mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Kwa hiyo hayo yote tuyaache.

Nataka kujibu swali lako. Alhamisi tulikuwa tunaosha vyombo, wewe unasuuza, mimi nasugua sufuria. Ukasema, bila kunitazama, "Mama, nikiondoka, nani atakufungulia mlango?" Nikakuambia nipe sabuni. Sabuni ilikuwa mkononi mwangu.

Nililisikia swali, mwanangu. Nililisikia likaniingia mpaka kwenye mifupa. Na jana mwenzako wa kwaya, yule mwembamba wa sauti ya kwanza, ameniambia kwamba ulimwambia, "Labda nisiende, mama yangu hawezi kukaa peke yake." Ndiyo maana ya zipu hiyo. Unakumbuka mwaka ule. Unadhani ukishuka ngazi hizi na begi lako, mimi nitarudi kulekule.

Wewe ulikuwa na miaka tisa, na ulichokiona ni mlango tu. Ngoja nikueleze kilichokuwa nyuma yake. Sehemu kubwa ni makosa yangu na sijawahi kukuhadithia.

Nianze na miaka mizuri, maana kosa lilianzia huko. Tulipohamia nyumba hii baba yako ndiyo kwanza amefanywa msimamizi wa vitalu vya miche kule Kizimbani. Alikuwa akirudi jioni ananuka mdalasini na udongo, anapiga mluzi tangu kona ya duka. Siku ya kwanza, kabla hatujafungua mizigo, jirani wa mlango wa pili akaja na sahani ya vitumbua imefunikwa kawa. Ndiye Bi Mwanakheri huyu. Tukavila vyote palepale, tumesimama. Mimi nikaiosha sahani nikampelekea. Akaipokea, akatazama ndani, akatazama usoni mwangu, akasema, "Mwanangu, wewe mgeni, nakusamehe. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata ndimu mbili, tia."

Basi nikajifunza. Wewe umezaliwa katika desturi hii, kwako ni kama kupumua, lakini mimi nilikuwa binti wa shamba na niliipokea kwa pupa. Akileta vitumbua, namrudishia maandazi. Akileta maandazi, narudisha sambusa za nyama. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, sisi hatufungi, lakini futari ilikuwa inakuja humu ndani kila siku, na Krismasi sisi tunapeleka kwao. Kuku wetu wa Krismasi alichinjwa na mume wa Bi Mwanakheri, Mungu amrehemu, ili sahani ikifika kwao iliwe bila wasiwasi. Mzee wa watu alikuwa akija na kisu chake asubuhi mapema, anatutakia heri ya sikukuu, kuku anapiga kelele, baba yako anacheka.

Ilikuwa raha, Neema. Lakini mimi niliigeuza mashindano. Nikaanza kujaza sahani mpaka kawa halikai. Nikipeleka pilau nahakikisha nyama ziko juu zionekane. Kanisani nilikuwa nimepewa kuongoza sauti ya pili, na hapo pia nikawa vilevile, naimba mpaka mishipa ya shingo inasimama, natazama nani ananitazama. Nilikuwa nashukuru Mungu kwa sauti kubwa sana. Nikiulizwa, nasema, "Nimebarikiwa!" Ukinichimba ndani, nilikuwa namaanisha kwamba nimewashinda. Furaha yangu yote ilikuwa imekaa juu ya vitu: mume msimamizi, mtoto mwerevu, sahani iliyojaa. Sikujua, maana vitu bado vilikuwepo.

Kisha baba yako akaanza kuvimba miguu. Figo. Unakumbuka kidogo, najua. Kuna jambo la wodini ambalo hulijui, kwa sababu watoto walikuwa hawaruhusiwi kuingia.

Jumapili moja nilimpelekea uji baada ya ibada. Nikamkuta amekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, anaimba. Anaimba besi, Neema! Wimbo wa Pasaka, na Pasaka ilikuwa imepita zamani. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Makunduchi, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuufuata. Nikaona haya. Nikamwambia, "Nyamaza, Baba Neema. Watu watasemaje? Unaumwa."

Akaniambia, "Zinazoumwa ni figo, mama. Koo langu zima. Hebu shika sauti yako."

Alitaka niimbe naye. Sauti ya pili na besi, kama tulivyokuwa tukiimba jikoni wewe ukiwa mgongoni kwangu. Na mimi nikasema, "Sina furaha ya kuimba mimi. Wewe unayo ya nini?" Nilimsemea kwa ukali, mwanangu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuwa na kitu ambacho mimi sina, na yeye ndiye mwenye ugonjwa. Akanitazama kwa upole, akanishika mkono, akanyamaza. Hakuniomba tena. Wiki ya tatu yake tulimzika.

Wimbo ule nilimnyima. Nimeshamwomba Mungu msamaha na naamini nimesamehewa, lakini bado naujua mstari uleule alioukatia, na nikiufikia kanisani huwa namwimbia yeye.

Baada ya maziko ndipo sahani zikaanza kuja. Bi Mwanakheri alileta wali na mchuzi wa papa. Kesho kutwa yake akaleta muhogo wa nazi. Tulikula, wewe ulikula vizuri, mimi nilionja. Nikaiosha sahani ya kwanza, nikaifuta, nikafungua kabati nitafute cha kutia. Ndani yake hamkuwa na kitu cha maana. Palikuwa na unga kidogo na nusu kifuko cha majani ya chai. Na hata kama kungekuwa na kitu, mikono yangu ilikuwa imekataa kupika. Mimi, niliyekuwa najaza mpaka kawa halikai, nipeleke ndimu mbili? Nikasema nitairudisha nikipata. Nikaiweka chini ya kitanda. Ile ya muhogo nayo nikaiweka juu yake, na zilizofuata vivyo hivyo.

Unaona ujinga ulivyo? Kila sahani iliyoletwa kwa huruma, mimi niliigeuza sababu ya kumkwepa aliyeileta. Nikaanza kutoka nyumbani kwa uchochoro wa nyuma, kule penye maji machafu, nisipite barazani kwake. Na akipiga hodi, nilikutuma wewe.

"Mwambie mama hayupo."

Ulikwenda. Miaka tisa, umesimama na vidole vya miguu kwenye kizingiti, unasema, "Shikamoo, Bi Mwanakheri. Mama hayupo." Kisha unarudi na sahani nyingine, unanipa, unakwenda zako kucheza, na siku moja nikakuona huchezi, umekaa tu. Nilikufundisha uongo, mwanangu, na nikakufanya bawabu wa huzuni yangu. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote niliyokutendea, na naliandika hapa kwa mkono wangu: nisamehe. Swali lako la Alhamisi nilikupa mimi mwenyewe zamani ile.

Kanisani nako niliacha kwenda. Padri akituma mtu, wewe ulikuwa ukimwambia vilevile. Niliwaza hivi: siku nikipata furaha tena nitairudisha kanisani, niiweke mbele ya Mungu kama desturi. Kwa sasa sina cha kutia. Na Mungu naye nikawa namkwepa kwa uchochoro wa nyuma.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha ikaja siku ya kuamkia Idi, Sikukuu kubwa, wakati wa asubuhi, harufu ya vyakula kila nyumba isipokuwa yetu. Hodi ya siku ile haikuwa ya kawaida. Aligonga kwa kiganja kizima.

"Hodi! Hodi humu!"

Ukaenda. "Shikamoo, Bi Mwanakheri. Mama hayupo."

"Marahaba, mwanangu. Kama mama hayupo, ile miguu nnayoiona chini ya pazia ya nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la chumbani, na pazia lilikuwa fupi. Ukageuka ukaitazama miguu yangu. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Nikatoka.

Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko, amekasirika kwelikweli. "Mama Neema, kesho n'na wageni wangu kutoka Bwejuu. Watu kumi na mmoja! Nimefungua kabati, sahani tatu. Tatu! Nshauliza watoto, nshauliza ghorofa ya juu, nshamtukana paka wa watu bure. Sahani zangu ziko wapi?"

Nikapiga magoti, nikazivuta chini ya kitanda. Nilikuwa nimezifunga kwenye kanga, safi, zimepangwa vizuri. Wewe ukazihesabu kwa sauti, mpaka saba.

"Sikuwa na cha kutia," nikamwambia. "Kila nkitafuta sina. Nkasema nkipata ntazirudisha zote pamoja."

Akakaa kitandani kwangu, pwaa, na unga wake. "Miezi yote hii wewe unatafuta cha kutia?"

"Sahani hairudi tupu, Bi Mwanakheri. Ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe."

"Nlikufundisha adabu, sikukufundisha wazimu!" Akapiga paja lake, unga ukaruka. "Mimi nnaleta chakula, kisha nnakaa barazani nnangoja. We wadhani nnangoja maandazi yako? Maandazi nnajua kupika. Nnangoja uje na sahani, ukae, unambie usiku umelalaje. Ungekuja nayo tupu, si ungekuwa umekuja wewe mwenyewe?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza hata kidogo, unamjua. Akasema, "Haya, utalia ukifika. Nibebee sahani zangu, mie mgongo waniuma."

Tukatoka, Neema, mlango wa mbele, mchana kweupe. Mimi na sahani tano kifuani, wewe na mbili, na yeye anatangulia mikono mitupu kama Bibi wa Sultani. Barazani watu wamejaa, ni siku ya kuamkia sikukuu. Mama mmoja akaniuliza, "Mama Neema, unapeleka nini?" Nikasema, "Sipeleki kitu!" Na nilipolisema hilo, kicheko kikanipanda kutoka sijui wapi. Nilicheka mpaka sahani zikagongana. Bi Mwanakheri anapiga kelele, "Utanivunjia!" nami nacheka zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wodini. Wewe ulinitazama, kisha na wewe ukaanza kucheka bila kujua tunacheka nini.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani. Sikwenda na furaha, usidhani. Nilikwenda nikiwa sina kitu, na mara hii nilijua kwamba sina kitu. Nikakaa mahali pangu kwenye kwaya, nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Wenzangu wakaimba wakanipita. Ukafika wakati wa kwenda mezani pa Bwana.

Nimekwenda kwenye meza ile tangu usichana, na siku ile ndipo nilipoona. Tumepiga magoti kwenye mstari mmoja, na kila mtu amenyoosha viganja. Mwalimu mkuu wa skuli viganja vitupu. Bibi wa kufagia kanisa, vitupu. Mwenye duka la vitambaa, vitupu vilevile. Hakuna aliyekuja na ndimu. Hakuna anayeulizwa umetia nini. Mkate unawekwa pale kwa sababu pana nafasi ya kuwekwa. Na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minne natafuta cha kumpelekea Yeye!

Nikacheka. Magotini hapo, Neema. Mabega yakaanza kutikisika, padri akadhani nalia, akasimama kidogo mbele yangu akaniombea. Nikamwacha aniombee. Nilikuwa nalia pia, kusema kweli, vyote viwili vilikuja pamoja na sikuona haja ya kuvitenganisha.

Siku hiyo nikamwelewa baba yako. Wimbo wa wodini haukuwa wa kujikaza wala wa kuwaonyesha watu. Alikuwa na mikono mitupu na figo mbovu, na Kristo alikuwa amekaa naye kitandani pale, basi akaimba. Hata yule mtume aliandika habari za furaha akiwa kifungoni, mikononi ana minyororo, na nilikuwa nasikia hayo yakisomwa miaka yote nikidhani ni maneno mazuri ya kanisani.

Usidhani baada ya hapo sikulia. Nililia mwaka mzima mwingine. Lakini nililia mlango ukiwa wazi, na mtu yeyote aliyepiga hodi alinikuta.

Bakuli limefika nusu. Niharakishe, kuna kosa moja limebaki na hili ni la juzijuzi tu.

Siku matokeo yako ya unesi yalipotoka, ulikuja mbio kutoka Darajani, viatu mkononi, ukaingia unapiga kelele, "Mama, nimefaulu!" Na mimi nikasema, "Haya. Mungu akipenda." Kisha nikarudi kumenya muhogo. Nilikuona uso ulivyoshuka. Ukavaa viatu vyako taratibu, ukakaa.

Nilikuwa nimejaa furaha mpaka muhogo nikautupa, maganda nikayatia sufuriani! Lakini niliogopa. Nilijiambia, mara ya mwisho nilipofurahi kwa nguvu, nilipokonywa. Kama vile Mungu ni mtu mwenye kijicho, anasikiliza nyumba ipi inacheka ili aende huko. Nilishajifunza kumwendea na sahani tupu, lakini anayoniletea imejaa nilikuwa naipokea kwa woga, naifunika upesi watu wasione. Huo nao ni uchoyo, mwanangu, na ni kumtukana mpishi. Ukipewa kizuri, ukile kwa raha, ulambe na vidole. Kikija kuondoka siku moja, aliyekileta hataondoka nacho.

Ndiyo maana barua yako ya kazi ilipofika mwezi uliopita nilifanya vile nilivyofanya. Ulidhani nimepata kichaa. Nilitoka barazani bila kilemba, nikapiga kelele mtaa mzima usikie, na Bi Mwanakheri akapiga vigelegele kwanza, kisha ndiyo akauliza ni habari gani. Miaka yake yote ile na alirukaruka! Nilikuwa nakulipa kelele zile nilizokunyima.

Huko uendako utapata siku za aina zote mbili. Utamzalisha mwanamke salama, ataita mtoto jina lako, na utarudi chumbani unaimba. Imba kweli, wasumbue majirani. Na utapata siku mgonjwa atakufia mikononi umefanya yote uliyofundishwa, na utarudi chumbani huna hata neno la kusali. Siku hiyo nenda hivyohivyo. Kaa na wenzako, nyoosha viganja, usitafute cha kutia. Na ukimkuta mgonjwa wodini anaimba, Neema, tafadhali, hata kama umechoka, hata kama hujisikii. Shika sauti yako umwimbie ubeti mmoja.

Nitakaa peke yangu, ndiyo. Kuna jioni nitapakua sahani mbili kwa mazoea, nalijua hilo. Nitalia kidogo, kisha ile ya pili nitaifunika kawa niipeleke mlango wa pili. Wewe hukuwa furaha yangu ya kunizuia nisianguke. Nilikuchukulia hivyo ulipokuwa na miaka tisa, na mzigo ule haukuwa wako. Leo nautua kutoka begani kwako kabla hujapanda boti. Funga begi.

Bi Mwanakheri ananiita. Sauti yake ile, "Mama Neemaa!" nami nimeitika "Naam!" mpaka rojo limetikisika. Anataka kujua kama mkate uko tayari maana amewasha makaa yake, tupikie kwake, ya juu na ya chini, uive sawasawa. Amekuja na sahani. Unaijua, ile yenye maua ya kijani na pengo ukingoni, ni mojawapo ya zile saba. Anasema, "Mtilie mtoto mkate wake humu, aende nayo." Nikamwambia, "Itarudi lini?" Akasema, "Si yeye ndo atakuja nayo?"

Basi nimeiachia nafasi katikati ya sare zako. Mkate utaumaliza njiani kabla ya Morogoro, nakujua. Sahani usiitume kwa mtu, wala usiinunulie mwenzake mpya. Ilete mwenyewe. Ukija nayo imejaa asali ya Tabora, tutakaa barazani watatu tuilambe. Ukija nayo tupu, umechoka, huna hata habari njema moja, usipite uchochoro wa nyuma. Njoo mbele, mchana kweupe, upige hodi.

Mlango nitafungua mwenyewe.

Mama yako